Mshika Mbili Moja Humponyoka: Bwawa, Mafuriko na Haki ya Wakazi wa Mto Tana

Utangulizi

Mwezi wa Aprili mwaka 2024, barabara inayounganisha mji wa Garissa na Madogo ilimezwa na maji ya mto Tana. Wasafiri waliotaka kuvuka walipanda maboti mahali ambapo majuma machache awali walikuwa wakipanda matatu. Tarehe 28 mwezi huo boti moja ilipinduka, na miongoni mwa abiria wake wapo ambao hawakufika ng'ambo. Kabla masika hayo hayajakatika, mafuriko yalikuwa yameangamiza karibu watu 300 kote nchini Kenya. Kinaya ni kwamba chini ya miaka miwili kabla ya hapo, wakazi wa maeneo yayo hayo walikuwa wakihesabu mizoga ya ng'ombe wao, kwani mvua zilikuwa zimekosa kwa misimu mitano mfululizo. Nchi ile ile iliyolia kwa kukosa maji ikalia tena kwa kuzidiwa na maji.

Ni desturi kwamba baada ya kila janga la namna hii husikika kauli moja kutoka majukwaani: lijengwe bwawa kubwa. Hoja inayotolewa ni nyepesi kueleweka. Maji yanayoua wakati wa masika yazuiliwe juu, yahifadhiwe, kisha yatumiwe kunywesha mashamba wakati wa kiangazi. Hivyo ndege wawili watauawa kwa jiwe moja: mafuriko yatakoma na njaa itakoma. Mpango wa bwawa la High Grand Falls, ambalo limekusudiwa kujengwa katika mkondo wa kati wa Tana, upande wa chini wa mabwawa yaliyopo, umekuwa ukitajwa kwa miaka mingi katika mipango ya Ruwaza ya 2030. Inakadiriwa kuwa bwawa hilo litahifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 5 za maji, yaani zaidi ya mara tatu ya uwezo wa bwawa la Masinga lilipokamilishwa.

Makala haya hayapingi ujenzi wa bwawa. Yanadai kwamba swali linaloulizwa si lile lipasalo kuulizwa. Wengi huuliza: bwawa litajengwa lini, na kwa shilingi ngapi? Swali lenye uzito zaidi ni hili: likishajengwa, nani ataamua maji yafunguliwe lini, kwa kiasi gani, na kwa manufaa ya nani? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua iwapo mkazi wa Garsen au Kipini atalala usingizi masika yajayo. Isitoshe, jibu hilo halina budi kuandikwa kwa lugha anayoielewa mkazi huyo.

Mto na Watu Wake

Tana ndio mto mrefu zaidi nchini Kenya. Maji yake huanza safari katika miteremko ya Mlima Kenya na safu za Nyandarua, yakapita nyanda kavu za mashariki kwa mwendo wa takriban kilomita 1,000, hatimaye yakamwagika katika Bahari Hindi karibu na Kipini. Kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili, Kipini si jina geni. Ni katika pande hizo ambako mapokeo yanasimulia kwamba Fumo Liyongo alizikwa. Nchi ya mashairi ya kale ya Waswahili ni nchi ya mdomo wa mto huu.

Katika kingo zake wanaishi Wapokomo, ambao kwa karne nyingi wamelima mpunga, ndizi na maembe katika udongo unaoachwa na maji ya mafuriko yanapopungua. Pamoja nao wapo Waorma na Wawardei, wafugaji ambao hushuka na mifugo yao hadi kwenye delta wakati wa kiangazi, nyasi za kwingineko zinapokauka. Njia zinazowapeleka mifugo mtoni huitwa malka. Mkulima anahitaji ukingo wa mto, na mfugaji anahitaji malka apite kwenye ukingo huo huo. Kwa miaka mingi pande hizi mbili zilipatana kwa miongozo ya wazee, kama wale wa baraza la Gasa la Wapokomo na wenzao wa upande wa wafugaji. Mapatano hayo yanapovunjika, matokeo yake huwa ya kutisha. Mwaka 2012 mapigano kati ya jamii za delta yalisababisha vifo vya zaidi ya watu 100, na ugomvi wa ardhi, malisho na maji ulikuwa miongoni mwa kuni zilizouwasha moto huo.

Kwa hivyo anayepanga kuugeuza mwendo wa Tana hapangi mambo ya maji matupu. Anagusa mapatano ya watu. Mto wenyewe, nao, una tabia ya kumshangaza anayedhani ameufahamu. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni ili mitumbwi ipate kupita kati ya Tana na mto Ozi. Haukuwa mradi mkubwa. Lakini mafuriko yaliupanua mfereji huo hadi mkondo mkuu wa Tana ukahamia huko, na mdomo wa mto ukawa Kipini. Waliochimba walikuwa wakitafuta njia ya mitumbwi, wakauhamisha mto. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba maji usiyoyafika hujui kina chake.

Kitendawili cha Bwawa Moja

Inafaa sasa kulieleza tatizo lenyewe, kwani mara nyingi hufichwa nyuma ya maneno matamu. Bwawa la kunyunyizia mashamba hutaka kujaa. Kila tone lililomo ni akiba ya kiangazi, na mwendeshaji anayemwaga maji bure huonekana mbadhirifu. Bwawa la kuzuia mafuriko, kwa upande mwingine, hutaka kuwa na nafasi tupu. Thamani yake haimo katika maji yaliyomo bali katika pengo lililoachwa juu yake, pengo ambalo litapokea gharika itakapokuja. Bwawa lililojaa hadi ukingoni siku mvua kubwa inaponyesha haliwezi kuzuia mengi: kila mita ya ujazo inayoingia haina budi kutoka. Likijumuishwa lengo la tatu, la kuzalisha umeme, mvutano huzidi, kwa kuwa mitambo hupata nguvu zaidi maji yakiwa juu.

Ni dhahiri shahiri, basi, kwamba malengo haya hayakai chungu kimoja bila kugombana. Mshika mbili moja humponyoka. Wahandisi wanalijua jambo hili, na wana njia ya kulikabili. Huigawa nafasi ya bwawa katika matabaka. Tabaka la chini kabisa ni la tope na maji yasiyoweza kutolewa. Juu yake ni tabaka la akiba, ambalo ni la mashamba, miji na umeme. Tabaka la juu huachwa tupu kwa ajili ya mafuriko. Kisha huwekwa kanuni ya uendeshaji inayoonyesha, mwezi baada ya mwezi, kina ambacho maji hayaruhusiwi kukipita na kile ambacho hayaruhusiwi kushuka chini yake.

Katika bonde la Tana, kanuni kama hiyo ingebidi ifuate misimu miwili ya mvua: masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Kabla ya kila msimu nafasi ya mafuriko ingetakiwa kuwa wazi. Kwa bahati njema, ratiba ya mashamba inaweza kusaidia, kwani umwagiliaji wa kiangazi hushusha kina cha maji kabla mvua hazijaanza. Ugumu huja katika mwaka ambao kiangazi kimekuwa kikali. Mwendeshaji aliyeshuhudia bwawa likikauka hataki kuachilia hata debe moja mvua zinapoanza. Anajaza, anajaza, hadi siku anapogundua kwamba nafasi imekwisha na wingu bado ni jeusi. Hapo hulazimika kufungua milango yote kwa mpigo, na maji ambayo yangetoka taratibu kwa majuma matatu hushuka kwa siku chache.

Wataalamu wa hali ya hewa wanaweza kuupunguza ugumu huu. Mvua za vuli katika Afrika Mashariki hutabirika vizuri zaidi kuliko za masika, kwa kuwa hufuata kwa karibu mabadiliko ya joto katika Bahari ya Pasifiki na Bahari Hindi. Mwaka wa El Nino hubisha hodi kabla ya kuingia. Inawezekana, kwa hivyo, kanuni ya bwawa ikaagiza kwamba utabiri wa vuli nzito uongeze nafasi tupu mapema. Lakini agizo kama hilo lina gharama. Utabiri ukikosea, mashamba yatakosa maji. Nani atabeba gharama hiyo: mkulima wa mradi wa serikali au mkazi wa kijiji cha delta? Hilo si swali la hesabu. Ni swali la haki, na haliwezi kuachiwa mhandisi peke yake.

Funzo la Yaliyotangulia

Tana si mto wa kubuniwa karatasini. Tayari una mabwawa matano ya mfululizo wa Seven Forks: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Masinga ndilo kubwa zaidi, nalo lilikamilishwa likiwa na uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo bilioni 1.56. Yapo mengi ya kujifunza hapo.

Mosi, ukubwa wa bwawa hauondoi upungufu. Mwaka 2009 kina cha Masinga kilishuka hata mitambo yake ya umeme ikazimwa. Mwaka 2018, na tena 2020 na 2024, mabwawa yayo hayo yalijaa na kufurika, na wakazi wa Garissa na Tana River wakatahadharishwa wahamie nyanda za juu. Mabwawa haya yalijengwa hasa kwa ajili ya umeme, na kwa hivyo si haki kuyalaumu kwa kutofanya kazi ambayo hayakuumbiwa. Hata hivyo, yanaonyesha kwamba bwawa halikomeshi mafuriko kwa kuwapo kwake tu. Aidha, tope linaloletwa na mmomonyoko wa udongo katika mashamba ya juu limepunguza nafasi ya Masinga. Bwawa jipya lisilokwenda sambamba na upandaji wa miti na utunzaji wa udongo wa nyanda za juu litazeeka kabla ya wakati wake.

Pili, mashamba ya umwagiliaji hayastawi kwa sababu ya maji peke yake. Mradi wa Bura, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970, ulikusudiwa kufikia hekta 6,700. Zilizotengenezwa ni takriban 2,500. Maji yalitarajiwa kuvutwa kwa pampu kwa muda tu, lakini hali ya muda ikageuka kuwa ya kudumu, na pampu zilipoharibika mwishoni mwa miaka ya 1980 pamba ilikauka shambani. Familia zilizoletwa kutoka pande mbalimbali za nchi kwa ahadi ya maisha mapya zikaachwa katika jangwa zisilolijua. Huko Hola, mradi uliokuwa umeanzishwa enzi za ukoloni ulikwama mwaka 1989 kwa sababu nyingine kabisa: mto ulibadili mkondo wake, ukaiacha mitambo ya kuvutia maji bila maji.

Tatu, mwenye kuhamishwa hulipwa sasa, lakini hasara yake ni ya siku zote. Maelfu ya watu walioondolewa kupisha bwawa la Kiambere katika miaka ya 1980 walipewa fidia ya fedha badala ya ardhi. Fedha ni maji ya kifuu. Ardhi ni kisima. Mwenye kulima akinyang'anywa shamba akatiwa noti mkononi, baada ya misimu michache hana shamba wala noti.

Je, Mafuriko ni Adui?

Katika hotuba za majukwaani mafuriko husawiriwa kama jitu la hadithini, ambalo shujaa hana budi kuliua. Taswira hiyo ni ya kweli nusu. Kwa mwenye kibanda kilichobebwa na maji, jitu ni jitu. Hata hivyo, delta ya Tana iliumbwa na mafuriko, na huishi kwa mafuriko. Ni maji yanayofurika ndiyo yanayoleta rutuba mashambani mwa Wapokomo, yanayojaza maziwa madogo ambamo samaki huzaliana, na yanayootesha nyasi wanazozifuata Waorma na Wawardei mwezi wa Januari na Februari. Misitu ya kandokando ya mto, ambayo ndiyo makazi ya nyani adimu wasiopatikana penginepo duniani, hunywa maji hayo hayo. Si ajabu kwamba mwaka 2012 delta hii iliorodheshwa miongoni mwa ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Uchunguzi wa mtiririko wa Tana umeonyesha kwamba baada ya mabwawa kujengwa, maji ya kiangazi yaliongezeka lakini kilele cha mafuriko ya kila mwaka, hasa ya mwezi Mei, kilipungua. Kwa hivyo mkazi wa delta amepata hasara ya pande mbili. Mafuriko madogo yaliyomfaa yamepunguzwa, ilhali yale makubwa yanayomuua bado huja, kwa kuwa katika miaka ya gharika mabwawa hujaa na kumwaga. Na mto unapopungua, bahari husogea. Wakulima wa Ozi wamelalamika kwamba maji ya chumvi huingia mashambani mwao na kuiharibu minazi, miembe na mpunga. Bwawa jipya, lililo kubwa zaidi na lililo karibu zaidi na delta, laweza kulizidisha tatizo hili au kulipunguza. Yote yategemea kanuni ya uendeshaji.

Njia ya kulipunguza ipo, na si ndoto. Kule Zambia, bwawa la Itezhi-Tezhi katika mto Kafue lilijengwa katika miaka ya 1970 likiwa na nafasi ya ziada iliyokusudiwa kuachilia maji kwa ajili ya nyanda za malisho na wanyama zilizo chini yake. Katika mto Senegal, bwawa la Manantali lililoko Mali lilikusudiwa kuachilia mafuriko ya kupangwa ili wakulima wa mabondeni wapate kupanda maji yanapopungua. Utekelezaji haukuwa mwepesi, kwa sababu umeme na mafuriko ya kupangwa hugombania maji yale yale. Lakini funzo li wazi: kama nafasi ya mafuriko ya manufaa haikutengwa wakati wa kupanga, haitapatikana wakati wa kuendesha. Hakuna mwenye umeme atakayeyatoa maji yake kwa hisani.

Kwa mintarafu hii, hata istilahi inahitaji kusahihishwa. Huzungumzwa "kuzuia mafuriko" kana kwamba lengo ni kuyafuta. Yafaa zaidi kusema "kudhibiti mafuriko", yaani kuyapunguza makali makubwa na kuyaruhusu madogo yenye faida kwa wakati unaojulikana. Tofauti ya vitenzi hivi viwili ni ndogo kinywani. Mashambani ni tofauti ya mavuno na njaa.

Lugha ya Mpango

Hapa ndipo suala la bwawa linapobisha mlangoni mwa idara za Kiswahili. Tamthilia ya Kithaka wa Mberia, Kifo Kisimani (2001), imesomwa na kizazi kizima cha wanafunzi wa shule za upili. Wanaikumbuka Butangi, nchi ambamo anayedhibiti visima huwadhibiti watu, na ambamo Mwelusi, mtetezi wa wanyonge, huuawa kisimani. Wasomaji wengi huifasiri tamthilia hiyo kama istiara ya utawala, na si vibaya. Lakini yapo maeneo ya Kenya ambako kisima ni kisima, na anayeshika ufunguo wa maji ameshika roho za watu. Bwawa ni kisima kikubwa. Kanuni yake ya uendeshaji ndiyo ufunguo.

Ufunguo huo huandikwa kwa lugha gani? Ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira huwa na mamia ya kurasa, nazo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu ambacho hata mhitimu wa chuo kikuu hukisoma kwa kusitasita. Kisha huitwa mkutano wa hadhara. Wazee huketi chini ya mwembe, mgeni husimama akatoa muhtasari, wenyeji hupiga makofi kwa adabu, na karatasi ya mahudhurio iliyotiwa sahihi huambatishwa kama ushahidi kwamba umma umeshirikishwa. Alichokubali mzee yule ni "bwawa la maendeleo". Hakuambiwa ni mwezi gani maji yatapungua shambani mwake, wala ni saa ngapi zitapita kati ya kufunguliwa kwa milango na kufika kwa maji mlangoni pake.

Sheria haikukusudia hivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na vilevile lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Inataja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na inaitaka serikali kuhimiza umma ushiriki katika utunzaji wa mazingira. Hata kabla ya katiba hiyo, kanuni za tathmini ya mazingira za mwaka 2003 zilitaka iitishwe mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu, na matangazo yatolewe redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji. Msingi upo. Kilichopungua ni nyumba juu yake.

Kwa hivyo yapo mambo manne ambayo mpango wowote wa bwawa katika Tana haustahili kuidhinishwa bila kuyatimiza. Kwanza, kanuni ya uendeshaji itangazwe kabla ya ujenzi, si baada yake, na iandikwe kwa Kiswahili sahihi na kuelezwa kwa Kipokomo, Kiorma, Kisomali na lugha nyinginezo za bonde. Pili, nafasi ya kupokea mafuriko itajwe kwa kipimo, na isiweze kuliwa na umeme wala mashamba bila idhini ya chombo ambamo wakazi wa chini ya bwawa wana kura. Tatu, mafuriko ya kupangwa yatengewe maji yake tangu mwanzo, na tarehe zake zijulikane kwa mkulima na mfugaji. Nne, anayehamishwa apewe ardhi kwa ardhi, na malka za wafugaji zichorwe katika ramani ya mashamba mapya kabla ya mfereji wa kwanza kuchimbwa.

Fauka ya hayo, lipo suala la tahadhari. Ujumbe unaosema kwamba kiwango cha maji yanayotoka kitaongezeka hadi mita za ujazo kadhaa kwa sekunde haumsaidii mama mwenye watoto wanne. Akiambiwa kwamba maji yatafika kwenye alama nyekundu ya daraja kesho adhuhuri, na kwamba ahamie shuleni juu ya mlima kabla ya jioni ya leo, ameokolewa. Kuigeuza kauli ya kwanza kuwa ya pili ni kazi ya tafsiri, na tafsiri ni taaluma. Vyuo vikuu hutoa kila mwaka wahitimu wa Kiswahili ambao hulalamika kwamba hawana ajira nje ya darasa. Mashirika ya maji nayo hulalamika kwamba wananchi hawaelewi. Wawili hawa wanatafutana gizani.

Kuna Watakaopinga

Wapo watakaosema kwamba masharti haya yatachelewesha maendeleo ilhali taifa lina njaa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kenya huagiza mchele mwingi kutoka nje, na bonde la Tana lina ardhi pana inayongoja maji. Hata hivyo, Bura haikucheleweshwa na mikutano ya wazee. Iliangushwa na mpango uliofanywa kwa pupa. Haraka haraka haina baraka, na mwaka mmoja wa kushauriana ni mfupi kuliko miongo ya mashamba yaliyotelekezwa.

Wapo pia watakaosema, kutoka upande wa pili, kwamba bwawa lolote ni uharibifu, na kwamba mto uachwe ujiendee. Hao nao wana sehemu ya ukweli, lakini wanasahau kwamba mto tayari umefungwa mara tano, na kwamba idadi ya watu wanaoutegemea huongezeka kila mwaka. Mabadiliko ya tabianchi yanazidisha makali ya ukame na ya mvua vilevile. Anayeishi Nairobi, ambako maji ya Tana humfikia bombani kupitia bwawa la Thika, hana haki ya kumwambia mkazi wa Garsen aridhike na gharika kwa jina la uasilia.

Kundi la tatu litauliza: mambo ya mabwawa yawahusu nini wanafunzi wa lugha? Jibu ni kwamba hakuna bwawa lililowahi kujengwa kwa saruji peke yake. Hujengwa kwanza kwa maneno: ahadi, mikataba, ramani, fidia, tahadhari. Maneno hayo yakiwa na ufa, ukuta wa saruji hautaziba.

Hitimisho

Bwawa la malengo mengi linaweza kuwa neema kwa bonde la Tana. Laweza kulisha, laweza kumulika, laweza kupunguza idadi ya majeneza. Laweza vilevile kuwa jitu jipya lililoketi juu ya jitu la kale, likiwapa maji walio na sauti na kuwamwagia gharika wasio nayo. Tofauti ya hali hizi mbili haitaamuliwa siku ya kukata utepe. Inaamuliwa sasa, mezani, katika kurasa za mpango ambazo wengi wa watakaoathiriwa hawajaziona.

Wakenya husimama wima kila wanapousikia wimbo wao wa taifa. Si wote wanaokumbuka kwamba sauti ya wimbo huo ilitokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa mama wa Kipokomo, ulioimbwa katika kingo za mto huu huu. Taifa lililoazima wimbo kutoka Tana lina deni huko. Na lianze kulilipa kwa jambo dogo lisilogharimu mabilioni: kabla ya kuufunga mto, limweleze mama yule, kwa lugha anayoisikia, maji yatakuja lini.